Nani Anakata? Filamu za Kijamii na Vijana wa Kibakwe

Wanachuo wenzangu, ukitaja filamu za kijamii hapa chuoni, mtu wa kwanza atakuuliza kamera ni ya aina gani. Wa pili atauliza nani anafadhili. Mimi nasoma ualimu, sisomi sanaa za maonesho, na swali ninalotaka tulijadili ni jingine: picha zikishapigwa, nani anakata? Yaani nani anakaa mbele ya simu au kompyuta na kusema hiki kibaki, hiki kitoke, hiki kianze, hiki kimalizie? Wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Picha zilizopigwa ni kama ngozi mbichi ya ngoma. Anayeiwamba ndiye anayeamua ivutike upande gani.

Dai langu ni moja. Filamu ya vijana wa jamii ndogo inakuwa yao pale wanapoikata wenyewe, na pale watu wa kijiji chao wanapoiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuwapa kamera peke yake hakutoshi. Nitaanza na suala la nani tunamwita mchache, nitapita kwenye historia kidogo, kisha nitaeleza kazi ndogo tuliyoifanya likizo ndefu iliyopita katika tarafa ya Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, nilikozaliwa. Mwishoni kuna maswali ya kujadili, maana hili ni somo, na somo bila maswali ni tangazo.

Wachache ni akina nani?

Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Sensa ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake ilikuwa ya mwaka 1967. Tangu hapo serikali haihesabu makabila, na sababu yake tunaijua: hatukutaka nchi igawanyike. Kwa hiyo hapa kwetu neno "wachache" halitoki kwenye jedwali la takwimu. Linatokana na mahali uliposimama. Mimi Mgogo nikiwa Kibakwe ni mwenyeji, shamba ni la babu, na salamu ya njiani ni "mbukwa". Nikishuka stendi Dar es Salaam nikasema natoka Dodoma, mtu ananicheka na kuniuliza kama nimekuja kuomba. Mtu huyohuyo, wengi mahali pamoja na kichekesho mahali pengine.

Wilaya ya Mpwapwa ina Wagogo wengi, ina Wahehe na Wakaguru kuelekea milimani, na ina wafugaji wanaosema Kimaa ambao wenyewe hujiita Ilparakuyo. Kwa Kiswahili tunasema Wabaraguyu. Mtaani na darasani, jina linalotumika sana ni "Mkwavi", na mara nyingi halitamkwi kwa heshima. Majirani zetu Wadatoga nao yamewapata: jina "Mang'ati" wanaloitwa nchi nzima limetoka kwenye neno la Kimaa lenye maana ya adui. Fikiria mtoto anayeandikwa adui kwenye kichwa cha kila mtu kabla hajaketi kwenye dawati.

Sasa mfuate mtoto wa Kibaraguyu hadi shuleni. Nyumbani anasema Kimaa. Mnadani anasikia Kigogo. Shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili, na akifika sekondari anapokewa na Kiingereza. Kwa lugha ya mwalimu, mtoto huyu ni "mzito". Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na mwanafunzi wa aina hiyo, hakunyoosha kidole hata mara moja kwa wiki zote nilizomfundisha. Nje ya darasa, alikuwa anaweza kukueleza kwa utaratibu kamili jinsi ya kumtambua ng'ombe aliyepotea kwa alama za kwato peke yake. Hakuna mtihani unaomuuliza hilo. Ndiyo maana mimi kama mwalimu mtarajiwa nimeanza kujali filamu: ni darasa ambalo anayejua kuangalia ana nafasi kabla ya anayejua kuandika.

Tulikotoka: Vugiri, Arizona, Fogo, Mtwara

Wengi tunadhani filamu nchini ilianza na Bongo Movie. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kikoloni wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na waliouongoza walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu 35. Zilihusu mambo kama kodi, ugonjwa wa safura na kuweka fedha benki ya posta. Zilipakiwa kwenye lori pamoja na mitambo na kuoneshwa kijiji kwa kijiji Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa kulingana na mahali.

Angalia vizuri mpango huo. Waigizaji ni Waafrika. Watazamaji ni Waafrika. Mandhari ni yetu, na hata lugha ilijaribiwa kuwa yetu. Lakini nani aliamua kwamba kijiji kinahitaji filamu ya kodi? Nani aliamua picha ikatwe wapi? Ukiwa na majibu hayo unaelewa kwa nini kuwepo kwa nyuso zetu kwenye picha hakutoshi.

Mwaka 1966 jambo tofauti lilijaribiwa Marekani, kwenye kijiji cha Pine Springs, jimbo la Arizona. Sol Worth na John Adair, mmoja mtaalamu wa mawasiliano na mwingine wa anthropolojia, waliwapa Wanavajo kamera za filamu za milimita 16. Waliwafundisha namna ya kupiga na kukata. Hawakuwaambia wapige nini. Kabla kazi haijaanza walikwenda kuomba ruhusa kwa mzee mmoja, mganga anayeheshimika. Mzee akauliza kama filamu hizo zitawadhuru kondoo. Wakamjibu hapana. Akauliza kama zitawafaa kondoo. Wakafikiri, wakajibu hapana. Basi mzee akataka kujua ni kwa nini zitengenezwe. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, kwa sababu babu yangu angeuliza vilevile, ila yeye angesema ng'ombe.

Filamu zilipokamilika, watafiti wakaona jambo la ajabu: watu ndani yake wanatembea sana. Filamu ya mfua fedha inamwonesha akitembea kutafuta madini. Filamu ya mfumaji inaonesha safari ya kutafuta mimea ya kutengenezea rangi. Kufua na kufuma kwenyewe kunachukua nafasi ndogo kuliko mtu wa nje angetegemea. Na picha za uso kwa karibu ni chache mno. Mhariri wa Hollywood angekata mwendo wote ule na kubakiza mikono inayofanya kazi. Kwa wenyewe, mwendo ulikuwa sehemu ya kazi. Kwa kuwa walikata wenyewe, mwendo ulibaki, na sisi tukajifunza kitu ambacho hakuna dodoso lingekitoa.

Mwaka uliofuata, 1967, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, kulikuwa na kazi nyingine Kanada kwenye kisiwa cha wavuvi kiitwacho Fogo. Serikali ilikuwa inafikiria kuwahamisha watu. Mwongozaji Colin Low, wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, alipiga filamu fupi nyingi na wanakisiwa, mada moja moja. Jambo la maana ni utaratibu wao: aliyepigwa picha aliangalia kwanza, na alikuwa na haki ya kusema hiki kitoke. Kisha filamu zilioneshwa kijiji hadi kijiji ndani ya kisiwa, watu wakajadiliana. Baadaye ndipo viongozi wakaziona. Wavuvi wakaanzisha ushirika wao, na kisiwa hakikuhamwa. Filamu haikufanya yote hayo peke yake, lakini iliwawezesha watu wa vijiji vilivyokuwa havisikilizani kusikilizana.

Na hapa kwetu? Miaka ya 1990, kundi la Maneno Mengi lilifanya kazi ya video shirikishi na wavuvi na wachuuzi wa samaki mikoa ya Mtwara na Lindi. Wachuuzi walieleza kero za soko lao mbele ya kamera, wakajiangalia, wakajadiliana na wenye mamlaka. Wavuvi walizungumzia uvuvi wa baruti. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema filamu za kijamii ni mambo ya wazungu yaliyokuja na simu janja, mwambie arudi Mtwara.

Kibakwe: njia ya ng'ombe na kitalu cha vitunguu

Sasa nyumbani. Kijiji sitakitaja kwa sababu wenyewe waliomba hivyo, na baadaye utaona kwa nini. Ni kimoja kati ya vijiji vya tarafa ya Kibakwe ambako watu wanalima mahindi, maharage na vitunguu vya kumwagilia, na wafugaji wananywesha kwenye mto uleule unaolisha mifereji. Njia ya zamani ya ng'ombe kwenda mtoni imelimwa kidogokidogo, jaruba moja mwaka huu, jaruba jingine mwakani. Ng'ombe wakipita wanakanyaga. Wakizungushwa, wanachelewa kurudi na maziwa yanapungua. Kila mwaka kuna faini, matusi, na siku nyingine fimbo.

Hili si jambo la kuchezea. Desemba 2000, kwenye kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilaya ya Kilosa, ambayo ni jirani yetu kabisa, watu zaidi ya 30 waliuawa kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wazee wa Kibakwe wanaikumbuka habari hiyo, na wanapoitaja wanashusha sauti.

Tulikuwa vijana tisa, wote wa miaka 18 na kuendelea: Wabaraguyu wanne, Wagogo watatu, Wahehe wawili. Mimi nilikuwa wa kumi, kazi yangu kuwezesha. Vifaa vilikuwa simu mbili, moja yangu niliyonunua kwa bumu na nyingine ya kijana wa Kibaraguyu, na ya kwake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Tulienda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, tukaeleza. Tukakubaliana masharti matatu kabla ya kubonyeza kitufe: anayepigwa picha aulizwe na aelezwe itaoneshwa wapi, mwenye filamu ndiye anashika simu wakati wa kukata, wengine wanaruhusiwa kuuliza lakini si kuamuru, na hakuna kinachotoka nje ya kijiji bila wote tisa kukubali.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kijana wa Kibaraguyu. Dakika 14. Katika hizo, tisa ni ng'ombe wanatembea. Wanatoka bomani, wanafika penye njia ya zamani, wanakuta vitunguu, wanageuzwa, wanazunguka kilima, wanapita korongo, wanatembea tena. Sauti ni kengele na miluzi tu. Siku ya kukata, kijana mmoja wa Kigogo akasema, "Hapa watu watasinzia. Kata, weka sekunde ishirini, tumeshaelewa." Mwenye filamu hakunyanyua macho kwenye simu. Akajibu, "Ng'ombe wangu wanachoka hivyohivyo kila siku. Na wewe uchoke kidogo."

Mwendo ukabaki wote. Hapo ndipo nilipokumbuka Wanavajo, na nikaona kwamba ile si tabia ya kigeni ya watu wa mbali. Kama ningekuwa mimi ndiye mhariri, kwa elimu yangu ya kozi mbili za vifaa vya kufundishia, dakika tisa zingekuwa ishirini za sekunde, filamu ingependeza, na hoja ingekufa. Hoja ilikuwa ndani ya urefu.

Filamu ya pili ilikuwa ya binti wa Kigogo, kuhusu kitalu cha vitunguu cha mama yake. Miche inakaa kitaluni wiki sita hivi kabla ya kuhamishwa kwenye majaruba. Alionesha mama akimwagilia kwa kopo, kwa mgongo, maana mama hakutaka uso wake uonekane. Kisha asubuhi moja kitalu kimekanyagwa. Kijana wa Kibaraguyu akauliza swali zuri: "Mbona ng'ombe siwaoni?" Akajibu kwamba walipita usiku, kilichobaki ni kwato. Basi akaenda tena na kupiga kwato, moja moja, kwa dakika nzima. Hao Wabaraguyu wanne walizisoma zile kwato kwenye simu, wakabishana kwa Kimaa, halafu mmoja akasema wazi kwamba zilikuwa za ng'ombe wachanga watatu, na wachanga hawachungwi usiku na mtu mzima. Hakumtaja mtu. Lakini kwa mara ya kwanza, malalamiko ya "ng'ombe wa Wakwavi" yalikuwa yamegeuka kuwa ndama watatu wa boma mojawapo. Hilo ni jambo linaloweza kuzungumzika.

Usiku wa shuka jeupe

Tuliazima projekta na spika, jenereta ni ya mwenye mashine ya kusaga. Shuka jeupe tukalitundika ukutani ofisi ya kijiji. Walikuja watu wengi kuliko waliowahi kuja kwenye mkutano wowote niliouona pale. Kwa watoto ile ilikuwa banda umiza la bure.

Tatizo lilikuwa lugha. Filamu ya kwanza watu wanasema Kimaa, na maandishi chini ya picha hayamsaidii bibi asiyesoma. Tukafanya kama wale watafsiri wa mikanda, kina Lufufu: kijana mmoja anasimama na kipaza sauti, anaeleza kwa Kiswahili papohapo. Ilikwenda vizuri hadi pale baba wa mwenye filamu alipoongea. Mzee alisema sentensi ndefu, mtafsiri akatoa fupi. Upande wa Wabaraguyu wakacheka. Upande wa pili wakaanza, "Amesemaje? Sema yote!" Mtafsiri akakwama, akamwangalia mzee mwenyewe aliyekuwa amekaa pale mbele. Mzee akaitikia kwa kichwa. Basi akasema: waliotuonesha njia hii walikula nyama kwetu siku hiyo, na wao ndio wa kwanza kuilima.

Kimya. Kisha mzee mmoja wa Kigogo akasimama na kusema ni kweli, nyama ililiwa, na yeye alikuwepo.

Sitaki kuwadanganya kwamba mgogoro uliisha usiku ule. Haukuisha. Mwenyekiti aliahidi kulipeleka suala la njia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kamati ilitembea ile njia kwa miguu pamoja na vijana. Niliporudi chuoni walikuwa bado wanabishana juu ya upana wake. Ninachoweza kusema ni kwamba wanabishana juu ya upana. Mwanzoni walikuwa wanabishana kama njia iliwahi kuwepo.

Kwa nini filamu hizi hamtaziona

Siku mbili baadaye alikuja jamaa mwenye ukurasa wa mtandaoni. Alitaka ile ya kwanza, akaahidi elfu hamsini na bando. Vijana tisa wakakaa chini ya mkuyu kujadili. Wengine walitaka, na nawaelewa. Nani hataki kazi yake ionekane? Binti wa kitalu ndiye aliyeuliza swali lililomaliza mjadala: "Akiichukua, nani atakata?" Kila mmoja akaliona. Dakika tisa za mwendo zingetupwa. Ingebaki sekunde thelathini za mzee mwenye hasira, na juu yake maandishi makubwa: Mkwavi awashambulia wakulima. Kura zikawa tisa kwa sifuri. Filamu zipo kwenye kadi mbili za kumbukumbu, moja kila upande wa mto.

Kuna pia sheria, tusijifanye hatuzijui. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaweka utaratibu wa vibali, na kazi ya kuoneshwa hadharani inahitaji ruhusa. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri, usisubiri ufuatwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia sura na sauti ya mtu. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Ukifanya kazi hii shuleni, mzazi au mlezi lazima ahusishwe. Lakini idhini si karatasi ya kusaini tu. Mzee wa Kibaraguyu aliitoa mara mbili: mara ya kwanza alipopigwa picha, na mara ya pili pale alipoitikia kwa kichwa mbele ya kijiji kizima. Ile ya pili ndiyo nzito, kwa sababu wakati huo alijua wanaomsikiliza ni nani.

Pingamizi mbili

La kwanza nimelisikia bwenini: "Wewe unaleta ukabila. Kwa nini Kimaa? Sisi sote ni Watanzania." Ni pingamizi la haki. Kiswahili kimetuunganisha, na hata kanuni za utangazaji zinataka redio na televisheni zitumie Kiswahili au Kiingereza. Sina ugomvi na hilo. Ila angalia kilichotokea: mzee aliongea Kimaa, kijana wake akaweka Kiswahili, na Mgogo akajibu kwa Kiswahili. Kiswahili kilifanya kazi yake halisi ya kuwakutanisha watu. Kingekuwa sharti la kuingilia, mzee asingesema lolote, na tungeendelea kudhani ukimya wake ni kukubali. Ukabila unakua pale jirani anapojulikana kwa jina la utani tu.

La pili ni la walimu wenzangu: "Muda wa silabasi uko wapi? Hii inaongeza ufaulu?" Hapa niwe mkweli kwa kiwango changu: sina jedwali la ufaulu la kuwaonesha. Ninachokijua ni kwamba Paulo Freire, ambaye wote tumemsoma mwaka wa kwanza kwa ajili ya mtihani na kumsahau, alianza masomo ya kusoma na kuandika kwa picha za maisha ya wanafunzi wenyewe, watu wazizungumzie kabla ya kufika kwenye herufi. Filamu ya kijana inafanya kazi hiyohiyo. Kupanga picha kwa mfuatano, kuchagua ushahidi, kujibu swali la "mbona ng'ombe siwaoni?", huko ni kujenga hoja. Tunakudai kwenye insha za kidato cha nne na kukulalamikia hapa chuoni.

Kwa anayetaka kujaribu

Ukipangiwa mazoezi ya kufundisha mahali penye watu wa lugha zaidi ya moja, huhitaji ufadhili. Anza na wenyeji na viongozi. Changanya vijana wa pande zote, lakini kila filamu iwe na mwenyewe mmoja. Fundisha mambo manne tu: kushika simu kwa utulivu, mwanga uwe nyuma ya mpigaji, sauti isogelewe, na picha isikatwe kabla ya tendo kuisha. Usifundishe nini ni kizuri. Wakati wa kukata, kaa nyuma na mikono mfukoni. Panga onesho la kwanza kijijini kwao, filamu za pande zote usiku mmoja, na acha muda wa watu kuongea ulingane na muda wa kutazama. Kisha uliza wenye kazi kama inatoka nje au inabaki. Wakisema inabaki, ibaki, hata kama wewe ulikuwa unaihitaji kwa ripoti yako.

Maswali ya kujadili

1. Kwenye eneo unalotoka, ni akina nani wanaoitwa kwa jina ambalo hawakujipa? Wenyewe hujiitaje?

2. Filamu za Vugiri zilikuwa na waigizaji na watazamaji Waafrika. Je, kampeni za elimu kwa njia ya video tunazoziona leo zimebadilisha nini katika mpango ule, na nini kimebaki vilevile?

3. Mtafsiri alipofupisha maneno ya mzee, alikuwa analinda amani au alikuwa anamnyima mzee sauti? Wewe ungefanyaje na kipaza sauti mkononi?

4. Vijana tisa walikataa elfu hamsini. Kama filamu ingeweza kumfikia mkuu wa wilaya kwa kupitia ukurasa ule, je, uamuzi wao ungekuwa bado sahihi?

5. Mzee wa Kinavajo aliuliza kama filamu zitawafaa kondoo. Mradi wako wa utafiti wa mwaka wa tatu, utawafaa kondoo wa nani?